Orletha Aliona Haya Kumwita Mwanawe

Kisiwani kwetu huku Georgia, Marekani, ukimwona mtu na buti za mpira amebeba chupa ya matope kana kwamba kabeba asali, huyo ni wa kituo cha utafiti wa bahari. Mara moja kwa mwaka hutualika tukale keki zao na kutazama kaa. Mwaka ule Orletha, jirani yangu, alikwenda na binti yake Jessamy, wa miaka minne, na wigi jipya. La wigi tuliache.

Walitembezwa vizuri. Mtafiti mmoja mpole aliwapitisha kwenye daraja la mbao linaloingia katikati ya kinamasi cha chumvi, Jessamy akachezea matope hadi viwiko. Alasiri gari la kuwarudisha wageni likapiga honi.

Sasa, kwetu mama hatoki na mtoto mahali pageni bila kumwita kwa sauti: fulani, njoo twende nyumbani. Mwili hubebwa, roho huitwa. Orletha alijua. Alifumbua mdomo, akawaona wasomi wanamtazama, akaona haya. Akampakia mtoto kimya.

Jioni Jessamy hakula. Uji mzito wa mahindi na kamba, chakula akipendacho, ulipoa mbele yake. Akiitwa, hageuki. Amekielekea kinamasi, hapepesi macho.

Mama mkwe, Bibi Eulene, alimwinua mtoto kidevu, akakiachia.

"We mwanamke, ulimwita?"

Orletha akatikisa kichwa.

"Basi hapa tunalisha ganda."

Asubuhi Orletha alirudi peke yake, bila wigi. Maji yalikuwa yamejaa, nyasi zimebaki ncha. Alisimama mwisho wa daraja, watafiti wakaacha kazi kumtazama. Safari hii hakujali.

"Jessamy, mwanangu. Njoo twende nyumbani."

"Naja, mama." Sauti ilitoka nyasi za kushoto.

"Naja, mama." Za kulia.

Kisha mbele. Kisha chini ya mbao alizokanyaga. Sauti ileile. Ya mwanawe.

Watafiti hawakusikia kitu. Orletha alikimbia. Nyuma yake mbao zikalia kwa vishindo vya miguu midogo. Ya mtoto mmoja tu.

Yupi?

Hakugeuka.

Nyumbani alimkuta Jessamy anacheka, anadai uji. Bibi Eulene alimshukuru Mungu. Orletha alimwosha, akamsuka, akamlaza. Afanye nini? Tangu hapo, maji yakijaa, humsikia mwingine huko kinamasini: "Mama, mbona umemchukua huyo?" Amerudi kuita hadi sauti imemkauka. Hakuna anayemfuata tena.

Wako konokono wadogo wa kinamasini, maji yakijaa hupanda mabua ya nyasi wasizame. Nyumba ya Orletha iko juu, haijawahi kufikiwa na bahari. Lakini mimi mwenyewe nimewaona, saa za maji kujaa, wakipanda miguu ya kitanda cha Jessamy, yote minne. Orletha huwabandua kwa kisu, mmoja mmoja. Mtoto amelala fofofo.

Sakafu kavu.