Bunduki Iliyolazwa Ufuoni

Kutu iliota upesi mno. Hilo ndilo lililomshtua kwanza fundi Mwinshehe, maana kuupa mtutu wa bunduki weusi wake ni kazi ya kubembeleza, na chuma kina maringo kumshinda bibi harusi. Unakipaka dawa, unakitundika penye unyevu, unangoja kiote kutu nyembamba kama vumbi. Kisha unakichemsha kwa maji ya mvua mpaka kutu ile igeuke nyeusi, unakisugua kwa brashi ya waya, unaanza tena mkono wa pili wa dawa, na wa tatu, mpaka weusi ushike. Ukishashika, jasho halipenyi wala mvua haiuli. Lakini chuma hutaka kulala kucha ndipo kiote. Mtutu huu aliutundika baada ya sala ya adhuhuri, akaenda kunywa kahawa barazani kwa jirani, aliporudi akaukuta umekuwa mwekundu wote, ncha hadi ncha.

"Wee leo una njaa," akautania. Hakujua alisemalo, masikini.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Albano, askari wa Bwana Nyama, yule mkuu wa wanyama wa porini, Mluguru mmoja mpole aliyekuwa akifukuza nguruwe kwenye mihogo ya watu huko Chamazi. Ilimponyoka mtoni, ikalala matopeni masika nzima. Alipoileta Temeke kwa Mwinshehe lilikuwa gofu tu, mti umeoza, mtambo umegoma, chuma kimeliwa. Mwinshehe akaijenga upya. Alichonga kitako cha mninga, akaunda springi, akakisugua chuma kwa tupa na msasa mpaka kikawa cheupe pe. Ikabaki kuivisha weusi, na hapo ndipo alipokosea. Kilikuwa kiangazi cha kukausha mate mdomoni, na bandani kwake chini ya mabati chuma kilikataa katakata kuota. Ndipo akakumbuka chumba cha uani, ambacho sakafu yake ya udongo ilikuwa haikauki.

Na kwa nini haikauki? Jamani, mle ndimo alimooshewa mwanawe, Marijani. Kitanda cha kamba kiliwekwa humo, chini yake kikachimbwa kishimo, ndio ufuo wenyewe, maji aliyooshewa maiti yakateremkia humo, kisha kikafukiwa. Hakuna mtu wa pwani asiyejua kwamba juu ya ufuo haiwekwi kazi. Pale huachiwa Mungu. Mwinshehe alijua vizuri tu, ila fundi akishashikwa na kazi huwa hasikii la mtu. Akautundika mtutu, na mtambo, na skurubu zote kwa nyuzi, juu ya ufuo wa mwanawe wa pekee.

Marijani alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Vita vya Bama, huko Asia, havikumuua. Vilimrudisha na kifua kibovu aje kufia kwao. Siku yake ya mwisho alitetemeka jua la saa saba, akaita kwa sauti ndogo, "Baba, mie nina baridi. Nifunike." Mwinshehe alikuwa bandani, kazi imebanwa kwenye jiliwa. Akajibu, "Nakuja." Akamaliza kwanza kukaza skurubu moja. Alipoingia na blanketi, hapakuwa tena na wa kufunikwa. Tangu siku hiyo, kila mtu akimwita Baba Marijani, yeye alisikia uchungu moyoni kama jana.

Basi, alipouchemsha mtutu mara ya kwanza, mvuke ulinuka karafuu maiti. Akasema labda ni pipa la maji. Mkono wa pili ulitoka mweusi ambao hajapata kuuona maisha yake, mweusi wa kina, laini, wa kumvuta mtu mkono. Alipourudisha chumbani na kufunga mlango, akasikia vyuma vikigongana kwenye nyuzi, kiki-kiki-kiki, upesi upesi, kama meno ya mtu mwenye homa. Akafungua. Hapakuwa na upepo. Vyuma vilikuwa vimetulia, vinatona maji.

Siku ya mkono wa tatu alimkuta mkewe, Tunu, amekaa humo juu ya kibao cha mbuzi, mtutu ameupakata mapajani na kuufunika kanga.

"Mama Marijani! Hicho hakishikwi kwa mkono mtupu, kinaingia mafuta."

"Sss, usipige kelele," Tunu akanong'ona, uso umemng'ara. "Ndiyo kwanza kasinzia."

"Nani kasinzia?"

"Nani mwingine, Baba Marijani? Baridi imempungua. Ile dawa yako inamtia joto. Mpake tena."

Mwinshehe aliunyooshea mtutu mkono. Alitaka kumkemea, akashindwa, maana alikuwa hajamwona mkewe akicheka tangu msiba.

Kuanzia hapo Tunu hakutoka. Alishusha kutoka juu ya kabati sahani ya bati ya buluu, ile ya Marijani, akawa anapakua wali anaipeleka uani, na yeye mwenyewe hali hata tonge. Viganja vyake vikaiva wekundu wa kutu, ukisugua kwa sabuni haitoki. Akakonda akabaki shingo. Jirani walipomsalimu alijibu huku meno yanagongana, ilhali jua linapasua mawe. Mwinshehe akaona dhahiri kwamba alishazika mmoja na sasa anakaribia kuzika wa pili.

Akaenda Kurasini kumwita Bi Mwanabaraka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, hachoki kutafuna tambuu, na majini alikuwa akiyakaripia kama watoto watukutu. Alisimama kizingitini mwa chumba, akavuta pumzi, akatema.

"Wee mwanamume huna haya. Umefanya kazi ya mikono yako ufuoni?"

"Nilighafilika, bibi."

"Ulighafilika! Haya, nisikilize. Humu mna jini. Limekunywa maji ya mwanao likajifunza sauti yake. Lilikuwa uchi, halina pa kukaa, wewe ukalishonea nguo ya chuma, nguo isiyochanika. Mkeo ndiye linayemla sasa."

"Bibi," Mwinshehe akauliza polepole, "una hakika si yeye?"

Bi Mwanabaraka akamtazama, na ukali wote ukamtoka usoni. "Mwanao yuko kwa Mola wake, baba. Livue nguo lote, usibakize hata tone. Na likikuita, usiitike."

Kesho yake adhuhuri, ubani ukifuka mpaka macho yanawasha, Bi Mwanabaraka alimshika Tunu ukumbini huku anasoma, na Mwinshehe akajifungia chumbani na hori la siki na msasa. Alipouzamisha mtutu tu, harufu ya karafuu maiti ikapanda ikamkaba, na kiki-kiki ikaanza, safari hii si kwenye nyuzi, ndani ya chuma chenyewe, chini ya vidole vyake, chuma kikitetemeka kama mbavu za mtoto, na kadiri weusi ulivyobanduka na kuelea juu ya siki kama utando, ndivyo sauti ilivyopanda, kwanza pumzi tu, kisha kikohozi, kile kile kikohozi cha Bama alichokisikia ukutani miezi na miezi, kisha ikasema, taratibu, bila hasira, "Baba, mbona wanivua?" naye akasugua, machozi yakimdondokea mikononi, ikasema, "Baba, mie nina baridi, nifunike," naye akauma midomo asiitike, akasugua, huku Tunu akipiga ukuta upande wa pili na kulia, "Mwache! Baba Marijani, mwache mwanangu!" akasugua mtutu, akasugua mtambo, akasugua skurubu moja baada ya moja, na sauti ikawa inapungua, inakuwa ya kijana, ya mtoto, ya kichanga, mpaka mkononi mwake ikabaki skurubu moja ndogo, nyeusi, iliyokuwa ikitetemeka.

Ile hakuisugua. Aliitazama, akaifunga kwenye pindo la msuli wake. Kisha akamwaga siki ardhini, akafungua mlango.

"Tayari?" akauliza Bi Mwanabaraka.

"Tayari."

Tunu alilala mpaka alasiri ya pili, akaamka akaomba uji. Viganja vikatakata. Aliiosha ile sahani ya buluu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha juu ya kabati, kifudifudi. Mwinshehe alitoka nje akalia kwa shukrani. Albano alipofuata bunduki yake aliigeuzageuza, nayo nyeupe pe.

"Fundi, si tulisema nyeusi?"

"Weusi umekataa. Paka mafuta kila siku, usichoke." Wala hakumwambia kwamba skurubu moja ni mpya.

Mvua za vuli zilipoanza, Tunu alikuwa amenenepa na ameanza kusutana na jirani juu ya kuku. Mambo yalikuwa yamekaa sawa. Na kila magharibi, mkewe akiwa jikoni, Mwinshehe aliingia chumba cha uani na kufungua pindo la msuli. Alijua anachokifanya. Alijiambia kila siku kwamba leo ni mwisho.

Jioni hiyo skurubu ilikuwa ya baridi sana kiganjani.

"Baba," ikasema kwa udogo wake. "Baridi."

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa." Akachovya kitambaa katika dawa, akaipaka mkono mwingine, taratibu, kama mtu amfunikaye mtoto blanketi.

"Baba Marijani!" Tunu akaita jikoni. "Chakula tayari!"

Kabla Mwinshehe hajafungua kinywa, sauti ikatoka kiganjani mwake, nzima, nene, ya mwanamume aliyerudi nyumbani.

"Nakuja, mama."

Mwinshehe akafumba ngumi, akingoja ukelele. Alisikia mvua juu ya mabati. Kisha akasikia kigoda kikivutwa hadi kabatini, sahani ya bati ikishushwa, ikisuuzwa.

"Njooni basi, nyote wawili," Tunu akasema, na meno yake yalikuwa yakigongana. "Kinapoa."