Mgongo wa Adome

Muuza samaki wa soko la Lodwar alikataa katakata kumuuzia Longor.

"Wewe nenda," alisema, akilifunika kapu lake kwa gunia. "Mimi hauzii wewe. Wewe ndiyo ulichinja padri."

"Mama, ile ilikuwa kazi tu," Longor alimjibu kwa upole. "Padri yuko hai. Tulikula naye jioni hiyo hiyo."

"Nimeona na macho yangu. Damu ilikuja mpaka kwa mlango."

"Ilikuwa rangi na sukari."

"Basi kula hiyo rangi."

Watu waliokuwa wakipapasa samaki wakavu wakacheka. Mwanamke mmoja mwembamba alicheka kuliko wote. Alivaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa, miwani ya jua ameipandisha utosini, na vumbi la soko lilikuwa limemfika magotini bila yeye kujali.

"Mama, niuzie mimi," alisema. "Nitamlisha kwa mkono wangu, nihakikishe hachinji mtu mwingine."

Mama akamuuzia. Mwanamke yule akamkabidhi Longor samaki waliofungwa kwenye gazeti, akamtazama kutoka chini kwenda juu kama mtu anayeangalia mnara.

"Naitwa Sellah. Kama una redio, sauti yangu unaijua."

Aliijua. Michezo ya kuigiza ya Jumatano, aliyoiandika na kuisoma mwenyewe, ilisikilizwa kila duka la Lodwar.

"Mimi ni Longor," alisema.

"Nakujua. Wewe ni yule wa kupigwa Jumapili."

"Napigwa kila siku. Jumapili ndiyo nyinyi mnaona."

Hapo ndipo mambo yao yalipoanza.

Longor alizaliwa Lopur, karibu na Kakuma. Mungu alimpa kimo cha kutisha, na kazi ikamwongezea kovu lililokata unyusi wa kushoto mara mbili. Kwenye tamthilia za Nairobi alikuwa jambazi, mwizi wa ng'ombe, mlinzi wa tajiri mbaya. Zaidi ya hayo alikuwa mtu wa stanti, yule anayeanguka, anayegongwa na gari na kuwashwa moto kwa niaba ya waigizaji wenye sura nzuri. Mbavu zake zilikuwa zimevunjika na kuunga hadi daktari akazoea kumtania. Katika kazi hiyo yote hakuna mwandishi aliyewahi kumwandikia sentensi ya mapenzi. Watoto wakimwona njiani walijificha nyuma ya mama zao, naye alikuwa amezoea kuvuka barabara kabla hawajalia.

Sellah hakumwogopa hata kidogo. Baba yake, mwalimu kutoka Busia, alihamishiwa Lodwar yeye akiwa mchanga, akakulia pale pale, akakijua Kiturkana cha kutosha kutukana nacho. Longor akiwa Nairobi kazini, simu ilikuwa haikatiki.

"Jambazi wangu, leo wamekufanya nini?"

"Wamenitupa kutoka ghorofa ya pili."

"Uliangukia nini?"

"Magodoro na maboksi. Na bega."

"Bega lipi? La kulia ni langu, waambie wasiliguse."

"Nitawaambia. Watanielewa sana."

"Cheka polepole, utajiumiza. Umekula?"

Hakuna mtu aliyekuwa akimuuliza kama amekula tangu alipoondoka kwa mama yake. Longor alipenda swali hilo kuliko maneno yote matamu, na Sellah aliyajua mengi.

Alasiri moja, akiwa likizo, waliketi kando ya mto Turkwel chini ya mikoma. Sellah alikuwa amelaza kichwa chake pajani mwa Longor, akimfuatisha makovu kwa kidole na kumwuliza historia ya kila moja. Hili lilitokana na nini? Kioo. Na hili? Pikipiki. Mwisho akauliza:

"Na lile lisiloonekana ni lipi? Kila mtu analo."

Longor akamwambia. Hakujua kwa nini siku hiyo ulimi wake ulikuwa mwepesi hivyo. Alimwambia juu ya kaka yake, Adome, na siku walipopeleka mbuzi kunywa maji kwenye kisima cha mchangani, ndani ya laga, mto mkavu, karibu na Lopur. Wavamizi walitokea upande wa milima wakiwa na bunduki. Adome alimshusha mdogo wake kisimani, akavua akala zake, viatu vya tairi, ili akimbie vizuri, akampa azishike. Alisema, "Nishikie hizi. Nakuja." Kisha akakimbia ukingoni juu, mahali pa wazi, ili wamfuate yeye wakiache kisima. Walimpiga risasi ya mgongo, akaanguka kutoka ukingoni.

"Mama aliuliza jambo moja tu, kama aliteseka," Longor alisema. "Nikasema hapana. Mengine hakuuliza, sikusema. Yale maneno ya akala sijamwambia mtu yeyote. Ni kama yalikuwa yangu."

Sellah alilia mpaka kitambaa cha suruali kikalowa. Alimshika mikono, akavibusu vidole kimoja baada ya kingine. Longor alijihisi mwepesi, kama mtu aliyeshushiwa gunia. Usiku huo alimwambia kwa simu kwamba atakwenda Busia kuonana na wazee wake mvua zikiisha.

Baada ya miezi kadhaa, Sellah alimpigia akiwa na furaha ambayo haikufichika.

"Mpenzi, kuna filamu. Inapigwa Kakuma, na shirika fulani linailipia. Mwongozaji ni Jean, yule Mkongo wa kule kambi ya wakimbizi. Mimi nimeandika, na wewe uko ndani."

"Ni hadithi ya nini?"

"Utaiona. Nataka nikushangaze."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni mvamizi. Lakini ni sehemu kubwa, Longor. Hakuna atakayeisahau sura yako."

Alienda Kakuma akiwa na furaha. Alipita kwa mama yake Akoru, akanywa chai, akaelekea lagani ambako Jean na watu wake walikuwa wameshatega kamera. Jean alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya majani na haraka nyingi, aliyependa kila mtu.

"Longor, ndugu yangu, karibu sana," alisema, akimshika kiwiko. "Nakueleza, ni muzuri sana, utaona. Hapa iko kisima. Mutoto ameingia ndani. Kaka yake, ni Wainaina huyu, anavua akala. Anamupatia. Anasema, 'Nishikie hizi. Nakuja.' Halafu anakimbia kule juu. Weye na bunduki, unamufuata, unamupiga mu mugongo."

Longor aliitazama midomo ya Jean ikiendelea kusema. Wainaina, kijana mzuri kutoka Nairobi mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alimpa mkono akasema ni heshima kufanya kazi naye. Miguuni alikuwa amevaa akala mpya.

Sellah alikuwa amesimama kivulini, amejifunga kanga kichwani, na makaratasi yake ameyakumbatia kifuani. Alimpungia mkono. Alipoona Longor hapungi, mkono ule ukashuka wenyewe.

"Ile kuanguka kutoka kule juu Wainaina haweze," Jean aliendelea. "Atavunjika. Weye utaanguka mahali pake, twakupiga kwa nyuma, hakuna atajua. Unakubali?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sura ya muuaji ingekuwa yake, na mgongo wa marehemu ungekuwa wake. Longor angeweza kuondoka. Watu wengi walipomuuliza baadaye kwa nini hakuondoka, alisema kazi ni kazi, lakini haikuwa hiyo. Aliutazama ukingo ule, akamtazama Wainaina akinyoosha misuli, akaona hawezi kumwachia mtu mwingine aanguke pale.

"Nakubali," alisema.

Asubuhi alimkimbiza Wainaina na kumpiga risasi za uongo, na uso wake ulikuwa wa kutisha kiasi kwamba mtu wa vipodozi, kwa uoga, alimpaka rangi begani badala ya usoni. Mchana akavua nguo za mvamizi, akafungwa shuka ya kaka. Alipanda ukingoni peku. Mchanga ulikuwa unaunguza. Jean akapaza sauti, Longor akakimbia mahali pa wazi, na alipofika pale hakusubiri mlio wa bunduki. Aliurusha mwili wake mbele, mikono imelegea, akashuka ule ukingo mzima akibingirika, akatulia kifudifudi mchangani.

Watu wakapiga makofi. Jean akamwomba warudie, kamera ya pili haikuwa tayari.

"Hii hairudiwi," Longor alisema. Akajipangusa, akavaa shati lake, akaenda zake.

Sellah alimkimbilia, akamfikia karibu na maduka ya Kakuma, pale Wasomali wanapouza vitambaa.

"Longor, simama. Tafadhali."

Alisimama.

"Nilitaka kukwambia. Kila mara niliponyanyua simu nilitaka. Kisha niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Ni hadithi kubwa. Haikustahili kufia kando ya mto. Nilitaka watu wamjue Adome."

"Adome huyo ana ndevu za Nairobi." Sauti ya Longor haikupanda. "Ulitaka wakujue wewe, Sellah. Sema hivyo, nitakuheshimu."

Akayameza machozi. "Nilitaka yote mawili. Nimechoka kuwa sauti ya Jumatano. Ndiyo, nilitaka. Lakini nakupenda, hilo halikuwa hadithi."

"Nilipokuwa nakusimulia, ulikuwa unalia au ulikuwa unaandika?"

Longor angemsamehe mengi kama angejibu haraka kwamba alikuwa analia tu. Aligeuka akaenda, na safari hii hakufuatwa.

Siku zilizofuata simu yake iliita mpaka ikachoka. Aliona jina la Sellah likiwaka, akaigeuza kifudifudi. Alirudi Nairobi, akapigwa, akatupwa, akachomwa, na jioni hakuna aliyemuuliza kama amekula. Kuna siku alisikia mtu akitaja redio ya Lodwar, akaondoka mezani kabla hajamaliza chai. Hakumchukia. Angemchukia ingekuwa rahisi. Kilichomuuma ni kwamba bado, likimpata jambo la kuchekesha, mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa yeye.

Filamu ilipokamilika, ilionyeshwa kwanza Kakuma, alasiri, katika ukumbi wa kanisa wenye madirisha yaliyozibwa kwa mablanketi. Longor alikuja kwa sababu moja. Mama yake alikuwa amesikia kwa majirani kuwa kuna picha ya Lopur, akamwambia ampeleke. Alijaribu kumzuia, akashindwa. Akoru alivaa shanga zake zote, akaketi mstari wa mbele, mgongo umenyooka.

Wainaina alipovua akala na kusema maneno yale, Longor alifumba macho. Alipoyafumbua, mtu alikuwa anakimbia ukingoni, ameipa kamera mgongo. Mama alisogea mbele kwenye kiti.

"Huyo anayekimbia si yule kijana," alisema kwa Kiturkana. "Huyo ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Unakimbia kama yeye."

Mtu yule akaanguka. Ukumbi mzima ukashika pumzi. Picha ilipoisha na mablanketi yakaanza kuondolewa madirishani, mwanga ukaingia, Akoru akamgeukia mwanawe.

"Yale maneno ya akala. Aliyasema?"

"Aliyasema."

"Na huyo msichana wa redio aliyeandika picha aliambiwa kabla yangu."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, na katika jicho lake aliona kitu alichokijua vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amemtazama nacho Sellah pale mbele ya maduka ya vitambaa.

"Nipeleke nyumbani," Akoru alisema. "Kisha utaniambia yote, tangu asubuhi ya siku hiyo. Alikunywa nini, alivaa nini, alicheka na nani. Usiniachie hata kidogo."

Walikaa nje ya nyumba mpaka jua likazama, naye akamwambia yote. Mama hakulia sana. Mara mbili tatu alicheka, maana Adome alikuwa mtu wa vituko. Mwisho alimshika mwanawe shavu akasema sasa anaweza kumfikiria akiwa na miguu inayokimbia, si amelala tu mchangani.

Sellah alikuwa ameomba waonane Lodwar kabla hajaondoka. Alikuwa amepata kazi Nairobi, kampuni ya filamu ilimwita. Walikutana stendi, basi la Kitale likipakia. Alikuwa amekonda. Alivaa suruali ya jinzi na blauzi nyeupe, bila miwani, bila rangi mdomoni.

"Ejok," alisema, akimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok."

"Nimesikia mama yako aliona."

"Aliona. Tumezungumza naye mambo ambayo tusingezungumza. Hilo nakushukuru, na nasema kwa moyo wangu wote."

Uso wa Sellah ukafunguka. "Basi tuanze upya, Longor. Twende Busia kama ulivyosema. Sitaandika neno lako tena maishani. Niapishe kwa chochote."

Longor aliichukua mikono yake. Bado alimpenda, na hilo alimwambia bila kujificha.

"Ungeniiba kitu kingine ningesahau," alisema. "Lakini mimi mtu wa kusema naye nilikuwa na mmoja. Nikikuoa, nitalala kando yako kila siku nikichagua maneno. Nitakuwa mume bubu. Nawe hukuumbwa kuishi na kimya."

"Ningengoja."

"Najua. Ndiyo sababu nasema sasa."

Sellah aliinamisha kichwa kifuani pake, kwenye lile bega la kulia, akalia kimyakimya huku utingo akipiga ubavu wa basi kuita abiria. Longor alimwacha alie. Kisha akamnyanyulia begi hadi juu, akamtafutia kiti cha dirishani upande usio na jua.

Injini ikawaka. Sellah alifungua kioo, akamtazama, akisubiri neno. Kabla ya filamu Longor alikuwa akimwambia kila kitu. Alitafuta neno la kumpa na akapata moja tu.

"Barabara ya Lokichar ina mashimo," alisema. "Shika kiti."

"Nitashika," Sellah akajibu, na basi likaondoka.