Mkwe Hachapwi kwa Mwiko

"Mama, akitokea tu hapo, mchape na mwiko! Mwite mwizi!" Nathaniel alipiga kelele nyuma ya kamera ya kuazima, aliyoifunga kwa mpira juu ya baiskeli.

"Usijali, boss. Mwizi nitamchapa mpaka akome," Mama Akurut alijibu, akikunja mikono ya gauni.

Nje ya ua Okiror alikuwa anangoja zamu yake ya kuigiza. Sinema ilihusu mfungwa aliyetoka jela akakataliwa na kila mtu, na Nathaniel, kwa kukosa hela ya waigizaji, alimwokota yeye, mfungwa wa kweli, pale Malaba kwenye malori. Masikini, hakujua kwamba boma aliloomba kupigia sinema ni la wakwe wa Okiror! Naye Okiror alifyata mdomo. Tangu atoke jela ya Kodiaga alitaka kujua kama Akurut bado ni mke wake, ila kupiga hodi kulimshinda.

Akurut alikuwa hapo langoni, ameshika bati la kuakisi jua kwa ajili ya kamera. Alipomwona, akalishusha bati.

"Okiror! Ulitoka lini?"

"Kitambo, afande."

"Afande ni nani hapa?"

"Nisamehe, ni mazoea ya jela. Akurut, niliogopa. Mama yako akinichapa leo, nitajua yameisha. Nitapanda lori niende zangu Mombasa."

"Na mimi huniulizi?"

"Anza!" Nathaniel akafoka.

Okiror akaingia. Mama akainua mwiko, akamkazia macho, kisha mwiko ukaanguka. Alijifunika leso usoni akatimua mbio hadi nyuma ya ghala.

"Mama, unaenda wapi? Filamu ya kamera imebaki hii tu!"

"Huna adabu, kijana! Unaniletea mkwe wangu uso kwa uso? Kwenu Nairobi mnatazamana na wakwe hivyo?"

Jamani! Kwa Wateso mama mkwe humkwepa mkwewe kwa heshima, na mwizi wa kawaida angekuwa ameshalimwa mwiko. Okiror aliketi chini, akacheka huku analia. Furaha ilimzidi.

"Hilo ni jibu la mama," Akurut alisema. "Sasa uliza langu."

"Bado unanitaka?"

"Nimekungoja na hasira zangu zote. Utaiba tena?"

"Haki ya Mungu, siibi."

"Basi inuka, baba. Karibu nyumbani."

"Na sinema yangu?" Nathaniel alilia.

Nyuma ya ghala sauti ikaita:

"Akurut! Mwambie bwana yako atoke njiani, nipite nimchinjie kuku!"