Alichowafundisha Wanangu Bustanini

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mitatu. Ni mzaliwa wa Kolo, Kondoa, na hapa Dodoma mjini ninafanya kazi ya kutunza majalada katika ofisi moja ya serikali. Nina watoto wawili: Salma, ambaye sasa ana miaka saba, na mdogo wake Idrisa, mwenye minne. Haya ninayoyaandika sijamsimulia hata mama yangu mzazi yote kama yalivyokuwa... naona aibu.

Mume wangu alikuwa dereva wa mradi wa samaki kule Mtera. Wiki nzima hayupo, Ijumaa jioni anarudi. Alikuwa mpole, mcheshi, hanywi, hapigi kelele. Nilimpenda, na sitadanganya kwamba sikumpenda.

Wanaofanya kazi kwenye ofisi za hapa wanaujua msimu wa bajeti. Bunge likikaa, Jumamosi yako imekwenda! Asubuhi natoka, jioni narudi miguu imevimba. Mume wangu akaniambia, "Nenda tu mama Salma, usiwe na wasiwasi. Mimi nitawapeleka wanangu kucheza."

Akaanza kuwapeleka kwenye bustani ya michezo ya watoto. Kuna bembea, treni ndogo, farasi wa kuzunguka. Jioni nawakuta wamelewa usingizi, bisi zimejaa mifukoni, nyuso zimechorwa rangi: Salma kipepeo, Idrisa chui. Nawapiga picha nawaonyesha wenzangu ofisini. "Mume kama huyo unampata wapi?" wananiuliza. Nami nacheka kwa maringo... Mjinga mimi!

Bunge lilipoahirishwa nikasema sasa tutakwenda wote. Akakataa kwa upole, eti nipumzike, nimechoka sana. Nikaona ni mapenzi. Nani asingeona hivyo?

Lakini Salma alianza kubadilika. Akawa ananifuata kila ninapokwenda, hata nikiingia bafuni anakaa mlangoni. Nikimwita ghafla anashtuka. Siku moja ninapiga pasi sare zake, akanishika pindo la dera, akauliza taratibu, "Mama, wewe umekufa?"

Nilipandwa na hasira. "Uchuro gani huo! Nani kakufundisha? Toka hapa!"

Akatoka. Hakuuliza tena.

Ikafika Jumamosi moja mume wangu akapiga simu kuwa gari limeharibika Mtera, hatarudi. Watoto wakalia, wanataka bustani yao. Nikajiuliza, kwani mimi siwezi kuwapeleka? Nikavaa vizuri, tukapanda bajaji, haoo! Njiani Idrisa anaimba. Salma amening'ang'ania mkono.

Tulipoingia tu, Idrisa aliuchomoa mkono wake akakimbilia kwenye kibanda kimoja cha makuti. Alikuwemo binti wa miaka kama ishirini na mitano, mbele yake vikopo vya rangi na brashi. Ndiye mchora nyuso. "Anti Neema! Anti Neema!" Akamrukia kifuani, naye akambusu kama mtu aliyezoea kumbusu.

Kisha akaniona. Akainuka haraka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo wifi! Wewe ndiye shangazi yao wa Kondoa, eeh? Baba Salma ameniambia utakuja kabla ya mambo ya posa."

Niliitikia marhaba. Sijui kwa nini niliitikia. Ulimi ulijiendea wenyewe.

Akanishika mikono yangu miwili, machozi yamemlengalenga. "Poleni sana kwa kuondokewa na mama yao. Mimi sitaweza kuwa kama yeye, lakini hawa watoto nawapenda, wifi. Mungu ananiona."

Wasomaji, mmewahi kupewa pole ya msiba wenu wenyewe? Mmewahi kusimama juani, watoto wa watu wanapiga kelele za furaha kila upande, mkaambiwa mmekwisha kuzikwa?

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Amekuambia alikufa na nini?"

"Uzazi. Alipojifungua huyu mdogo."

Nikamtazama Idrisa. Huyo mtoto nilimnyonyesha miaka miwili kamili!

Ndipo Salma, aliyekuwa amejificha nyuma yangu, akatoka. Akamwambia yule binti, "Anti, huyu ndiye mama. Hajafa. Ni mchezo tu."

Kikopo cha rangi kilimwagika. Neema alikaa chini mchangani, kitambaa mdomoni, anasema, "Hapana... hapana dada... sikujua..." Nilitaka kumpiga, nawaambia ukweli. Mkono ulishainuka. Lakini nilipouona uso wake, nikaona mtu aliyedanganywa kama mimi. Tukalia wote wawili, na watu wanatushangaa.

Salma akatueleza. Baba alimwambia ni mchezo wa bustanini. Tukiwa huku, mama amekufa. Tukirudi nyumbani, mama yupo. Na anayeutaja mchezo nyumbani, anauharibu, haji tena bustanini. Mtoto wa miaka sita! Kila Jumamosi ananizika, kila jioni anakuja kunikuta naosha vyombo.

Sasa nifike panaponiuma zaidi. Tulipofika nyumbani sikumkumbatia mwanangu. Nilimshika mabega nikamtikisa. "Kwa nini hukuniambia? Kwa nini?" Nikamzaba kofi. Hakulia. Akanitazama, akasema, "Nilikuuliza, ukanifukuza."

Baada ya hapo hakusema tena. Siku tisa, neno hata moja! Mwalimu wake aliniita, akanishauri nimpeleke hospitali kwa mtaalamu wa watoto. Nilimpeleka, na nashukuru nilimpeleka.

Mume wangu alirudi na perege wake kwenye ndoo, anatabasamu. Nilipomwambia nimeonana na Neema, alikana kwanza. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Yalikuwa maneno tu, mama Salma. Kwani umekufa kweli?"

Wazee walikaa kikao Kolo, upande wake wakaniomba nivumilie, eti mwanamume kuoa wa pili si kosa. Nikawajibu kuwa sikatai hilo. Angesema anaoa ningelia, yangeisha. Lakini yeye hakutaka mke wa pili, alitaka mimi nisiwepo... na kazi ya kuniua akampa binti yangu. Talaka ikatoka. Neema naye alimkataa, akarudi kwao.

Kabla hata ya kikao hicho, nilimpigia magoti Salma, nikamwomba radhi kwa kofi na kwa ile siku ya pasi. Alinipapasa uso muda mrefu. Kisha neno lake la kwanza baada ya siku tisa: "Basi tusicheze tena."

Sasa anacheka, anagombana na mdogo wake, anasoma. Lakini mpaka leo mtu akimwambia "njoo tucheze", huuliza kwanza, mchezo gani?

Akina mama na akina baba wenzangu, nawasihi. Ukitaka kumsaliti mwenzako, hiyo ni dhambi yako, ibebe mwenyewe, usimtwishe mtoto. Msipeane siri na watoto wadogo, hata kwa pipi, hata kwa treni ya bustanini. Na wewe unayeshukuru kwamba kuna mtu wa kukaa na wanao ili upumzike, pumzika, lakini siku moja fuatana nao. Waone wanaowapenda wanao.

Na mtoto akikuuliza jambo la ajabu, usimfokee kama nilivyofanya mimi. Zima pasi. Kaa chini. Mwambie, "Hebu nieleze, mwanangu," kisha unyamaze umsikilize mpaka mwisho.