Namba Iliyorudiwa

Kilichomrudisha msituni jioni ile ni tepu tu. Tepu ya kupimia, ya njano, aliyoitundika kwenye tawi mchana mvua ilipowakurupusha, akaisahau kama watu wanavyosahau mwavuli.

Alikuwa mpya kazini, na wenzake kambini hawakujisumbua na jina lake. Walimwita Mgeni, yakaisha. Kazi yenyewe ilikuwa kupima miti ya kiwanja cha utafiti. Kila mti una kibati cha namba kilichopigiliwa kwa nyundo ndogo. Unazungusha tepu kwenye shina, usawa wa kifua chako, unataja kipimo kwa sauti, na mwenzako anayeandika anakirudia vilevile ulivyokitaja. Asiporudia, kipimo hakijapokelewa. Akirudia, unachora mstari mwekundu wa rangi pale ulipopima, mnahamia mti mwingine.

Mgeni alikuwa bado kwenye majaribio, na bosi wao alishamwambia bila kupepesa macho kwamba akipoteza kifaa hata kimoja, afungashe. Naye kazi ile aliitaka kufa na kupona. Kabla ya kuja alifanya mazoezi nyumbani, akapima nguzo za kibaraza, akapima pipa la maji, na mama yake huko jikoni, mwiko mkononi, akawa anarudia kila namba kwa madaha kama mtangazaji wa redio. Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

"Chukua tepu urudi," Fundi alimwambia. Fundi ndiye aliyekuwa mkongwe wa kambi, na jioni hiyo alikuwa amekaa kibarazani, mguu ulioteguka ameufunga bandeji na kuuweka juu ya kiti. "Usipime kitu peke yako."

"Nipime nini, Fundi, na giza hili?"

"Mimi nimesema tu."

Alikwenda haraka. Njia aliijua, na mwanga ulikuwa bado unatosha kuona mizizi kabla haijamkwaza. Majani yalikuwa yakidondosha maji ya mvua... to... to... Ndege walikuwa wamenyamaza wote. Alijipa moyo kwa kuimba chini chini, mpaka alipoona sauti yake mwenyewe inamtisha, akaacha.

Tawi alilikuta. Tepu haikuwepo.

Aligeuka huku na huku, roho juu. Kisha akaiona, hatua chache mbele, mahali asipokumbuka kupita.

Ilikuwa imezungushwa kwenye shina la mti. Usawa wa kifua.

Mti haukuwa mkubwa. Ulikuwa na ganda laini, la kijivu, na haukuwa na kibati. Mgeni akajiambia kibati kitakuwa kimedondoka, au Fundi aliupima huu akasahau kumwambia. Mtu anayeogopa kufukuzwa kazi hakosi maelezo. Alinyoosha mkono aifungue tepu, vidole vikagusa ganda.

Lilikuwa na joto.

Macho yake yakaangukia kwenye namba, na mdomo, uliozoea, ukaisoma kabla akili haijauzuia.

"Sentimita tisini na nne, nukta tatu."

"Tisini na nne, nukta tatu," ikarudiwa.

Sauti ilitoka upande wa pili wa shina, pale anapokaaga mwandishi wa vipimo. Sauti ya mtu mzima, ya taratibu, yenye mafua kidogo. Mgeni alishusha pumzi. Kumbe mzee kamfuata, na mguu wake ule.

"Fundi, si ungekaa tu? Mguu wako je?"

Harufu ya rangi mbichi ikamjia puani, kali, ingawa kopo la rangi lilikuwa kambini.

Kisha sauti ikataja namba nyingine.

"Sentimita themanini na moja, nukta mbili."

Na Mgeni, kama alivyofundishwa, akairudia. "Themanini na moja, nukta mbili."

Hapo ndipo alipohisi kitu chembamba, cha baridi, kikipita chini ya makwapa yake. Kikazunguka mgongo. Kikakutana mbele ya kifua, kikakaza... kikalegea.

Alitoka nduki. Hakujua ameanguka mara ngapi wala viatu vilibaki wapi. Alipotokeza kambini Fundi alikuwa palepale kibarazani, mguu juu ya kiti, bandeji nyeupe haina hata tone la tope.

Tepu ilikuwa mkononi mwake. Hakukumbuka kuifungua.

Alieleza kwa shida. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kwa kunong'ona.

"Uliirudia?"

"Nilidhani ni wewe."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja. Mgeni akaogopa zaidi kuliko alivyoogopa msituni.

"Pale unapopasema hapakuwa na mti," alisema. "Mwaka jana palikuwa wazi, tunakaa tunakula. Aliyekuwa na nafasi yako kabla yako alipenda kukaa pale. Naye alitajiwa namba, akairudia. Baadaye ikaja kuhakiki."

"Kuhakiki?"

"Si na sisi tunapima mara ya pili? Vipimo vikilingana, na cha pili nacho kikarudiwa, mti umeshaingia kiwanjani. Yeye alirudia mara zote mbili." Fundi hakutazama msitu. "Mimi sijui ni nini, mwanangu, usiniulize. Ninachojua, ikija, asiirudie mtu. Si wewe, si mwingine yeyote. Isipojibiwa, itachoka. Kesho nenda kwenu. Bosi niachie mimi."

Usiku ule, akivua blauzi, Mgeni aliona mstari mwekundu umemzunguka kifua, umenyooka vizuri, kama wake wa kazini. Alisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka. Haukutoka.

Mama yake alimpokea kwa furaha, akamshika mashavu, akasema amekonda. Mgeni alimpenda mama yake kupita kiasi, na hilo ndilo lililomponza. Mama ana presha. Utamwambiaje mtu wa presha kwamba kuna kitu msituni kimekupima kifua? Akameza yote. Alisema tu, wakipanga vyombo, kwamba ule mchezo wa namba umekwisha.

"Umeshafuzu, eeh?" mama akamtania. "Sasa hunihitaji."

"Nakuhitaji, Mama. Ila usirudie tena."

"Haya, bosi."

Magharibi Mgeni aliingia bafuni, kile chumba cha bati nyuma ya nyumba, na ndoo yake ya maji ya moto. Kutoka humo alisikia mwiko ukigonga chungu jikoni, na mama akiimba, na kwa mara ya kwanza tangu jana mabega yalimlegea. Akajimwagia kopo la kwanza.

Maji yakanuka rangi mbichi.

Kile kitu cha baridi kikapita chini ya makwapa. Mgeni akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hatajibu. Hata ikimkaba, hatajibu.

Sauti ikasikika nje, kati ya bafu na dirisha la jikoni. Safari hii haikuwa na mafua. Ilikuwa sauti changa, changamfu.

Ilikuwa sauti yake.

"Sentimita themanini na moja, nukta mbili!"

Mwiko ukanyamaza.

Mgeni aliondoa mikono mdomoni apige kelele. Pumzi haikuja. Kile kitu cha baridi kilikuwa kimemkaza kifua, na kutoka kooni kikatoka kitu kama mkwaruzo wa tawi kwenye bati.

"Si ulisema mchezo umekwisha, wewe?" Mama alikuwa anacheka. Kisha akasafisha koo, akairudia kwa madaha yake yote, asikosee hata kidogo. "Themanini na moja, nukta mbili!"

Mgeni akajaribu kukimbilia mlango. Miguu haikunyanyuka. Akatazama chini, kwenye maji, akaona vidole vya miguu yake vimeingia katika nyufa za sakafu kama mizizi.

Nje, nyundo ndogo ikaanza kugonga.

"Mwanangu," mama akaita kutoka dirishani, "unapigilia nini huko?"