Hesabu ya Alizeti ya Milia

Kila asubuhi Stamili alifagia uwanja, akafungulia kuku, akamwamkia Bibi Esha, kisha akashika njia ya shule na kidumu chake mkononi. Pale Mnyambe mwanafunzi haendi shule mikono mitupu. Maji ni ya shida, na mvua ikikatika kidogo tu mwezi wa Januari, kila mtoto huja na ya kwake.

Wiki hiyo darasa la sita walikuwa wakichagua mbegu ya alizeti ya bustani ya shule. Mwalimu Oliva alileta aina tatu: Rekodi, inayojulikana sana na wakamuaji wa mafuta, chotara fupi, inayokomaa mapema, na ya milia, ndefu, yenye ua pana kama ungo, aliyopewa na mzee mmoja wa kijijini. Watoto karibu wote waliitaka ya milia. Nani asiyependa kitu kikubwa?

"Tusichague kwa macho," alisema Mwalimu Oliva. "Tupime kwanza. Punje kumi za kila aina, kila aina kwenye kibakuli chake cha mchanga wenye unyevu, siku saba. Stamili, wewe ndiye kiongozi wa bustani. Nenda nazo nyumbani, uzimwagilie asubuhi na jioni, kisha utuletee hesabu."

Watoto arobaini wakamimina kila mmoja kikombe cha maji kwenye dumu. Stamili akalibeba kichwani huku akijiona waziri.

Siku mbili alimwagilia vizuri. Siku ya tatu akasikia kuwa bwana shamba, Bwana Abdulazizi, atakuja kutoka Newala kusikiliza hesabu hiyo. Mgeni! Stamili akalitazama shati lake la shule. Kola ilikuwa nyeusi tii, na mtungi wa bibi ulikuwa na maji ya kupikia tu. Basi maji ya dumu yote yakaishia kwenye shati. Likatakata, hilo hatubishani. Lakini mchanga wa vile vibakuli vitatu ukakauka, na hakuna punje hata moja iliyoinua kichwa.

Siku ya saba ilipofika, Stamili alisimama mbele ya darasa na mgeni wao, shati likimeremeta.

"Ya milia zimeota tisa. Chotara nane. Rekodi sita." Alizitoa kichwani mwake, moja baada ya nyingine.

"Na vibakuli viko wapi?" aliuliza Mwalimu Oliva.

"Kuku wa jirani wamevimwaga, Mwalimu. Lakini nilikuwa nimeshahesabu."

Ndivyo uongo ulivyo, hauwezi kusimama peke yake. Lazima uuitie ndugu yake. Bwana Abdulazizi akatabasamu, akasema, "Mpigieni makofi ya kilo tano!" Wakapiga. Stamili akaona uso unamwaka moto, akatazama chini. Watu wakadhani ni adabu.

Laiti mambo yangeishia darasani! Nyumbani nako Stamili alirudia yale yale, hesabu na kuku. Bustani ya shule ilikuwa bado haijalimwa, lakini Bibi Esha alikuwa na robo eka tayari, kando ya mikorosho. Akabadilishana debe la karanga na yule mzee, akapata mbegu ya milia. "Mjukuu wangu ameipima," aliwaambia wanawake wenzake. "Tisa katika kumi!" Mvua ikarudi, bibi akapanda shamba zima kwa mkono wake, mgongo ukimuuma.

Siku kumi zikapita. Shambani kulikuwa na miche michache, mmoja huku, mmoja kule. Bibi Esha alisimama akashika kiuno, kisha akageuka na kuondoka mbio mbio. Stamili akamfuata hadi kwa jirani yao, Mama Kurwa.

"Kuku wako wamenimalizia shamba!" alifoka bibi. "Kwanza walimwaga vibakuli vya mtoto, wakaonja utamu, sasa wamefukua zote!"

"Kuku wangu?" Mama Kurwa alishangaa. "Dada Esha, tangu mvua inyeshe nimewafungia. Njoo uone banda."

"Mtoto wangu hasemi uongo!"

"Na mimi je, ndiye mwongo? Miaka yote hii tunateka maji pamoja, leo nimekuwa mwongo? Haya, twende kwa mwenyekiti wa kitongoji!"

Stamili alijibanza nyuma ya banda. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona bibi yake akijifunga kanga vizuri ili aende kushtaki, na alijua wakifika kwa mwenyekiti, urafiki wa wazee hawa umekwisha. Akatoka.

"Bibi, msiende. Si kuku." "Sikuhesabu. Maji nilifulia shati. Zile namba nilizitunga."

Bibi Esha hakumchapa, wala hakumkemea. Alimgeukia Mama Kurwa, akainamisha kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekutukana bure nyumbani kwako." Heri fimbo! Kumwona bibi yake akiomba radhi kwa kosa lisilo lake kulimchoma Stamili kuliko kiboko chochote.

Kesho yake alikiri mbele ya darasa. "Maji yetu!" wakalalamika wenzake, na walikuwa na haki. Mwalimu Oliva akamtaka aanze upya. Watoto wakaleta tena kikombe kimoja kimoja, na safari hii Stamili hakuacha hata tone lipotee. Siku ya saba alihesabu kweli. Ya milia, mbili; kumbe mbegu ile ilikaa ghalani miaka mingi. Chotara, nane. Rekodi, nane. Darasa likachagua Rekodi, kwa kuwa mbegu yake, tofauti na ya chotara, huweza kutunzwa na kupandwa tena mwakani. Mvua zilikuwa bado zipo, na bibi angeweza kupanda upya.

Stamili akapeleka kibakuli cha Rekodi nyumbani. Mama Kurwa, aliyetaka kupanda pia, alikuwa ameketi na bibi.

"Nane, Bibi," alisema Stamili.

Mama Kurwa akakivuta kibakuli, akaanza kuhesabu kwa kidole, mche mmoja mmoja. Alipomaliza akarudia tena. Machozi yakamlengalenga Stamili.

"Mwache ahesabu," alisema Bibi Esha. "Siku ile ungesema 'sikuhesabu,' tungengoja siku saba tu, basi. Neno hilo halijamlaza mtu njaa. Lakini ukishasema uongo mara moja, mjukuu wangu, ukweli wako watu watauhesabu mara mbili."

"Nimesikia, Bibi."

"Nane," alisema Mama Kurwa hatimaye, akainuka. "Haya, chukua jembe. Leo tunaanza kwa bibi yako, kesho kwangu."