Kanyaga Achagua Difu

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Kanyaga alipakia madebe ishirini ya maziwa kwenye pikapu yake. Binti yake alifunga kamba, kisha akakaa mbele. Akina mama wa mlimani walikuwa wameshakamua. Kazi ya baba na binti ilikuwa moja: kuyafikisha maziwa kituoni kabla jua halijapanda.

Jina la Kanyaga hakupewa na wazazi. Alipewa na barabara. Pikapu ilipokwama, yeye alikuwa na dawa moja tu: kukanyaga mafuta mpaka mwisho.

Na barabara ile ilijua kukwamisha. Katikati ya mteremko palikuwa na korongo lililochimbwa na mvua, limekata njia mshazari. Wakubwa walikuja kulitazama mara tatu. Mara ya kwanza walipima. Mara ya pili walipiga picha. Mara ya tatu walikuja kuuliza vipimo viko wapi. Korongo likazidi kunenepa, na wao pia.

Wiki ile maziwa yalichacha njiani mara mbili. Mama mpokeaji wa kituoni alinusa, akarudisha kifuniko.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alisema. "Lakini yakichacha tena, akina mama watatafuta gari jingine. Wameshaniambia."

Kikundi kile cha maziwa kilianzishwa na mkewe, miaka miwili kabla hajafariki. Kunyang'anywa madebe yale kwake kulikuwa kama kumzika mara ya pili.

"Baba, tusilaumu korongo kila siku," binti alimwambia walipokuwa wakirudi.

"Silaumu korongo. Nalaumu waliolilea."

Jirani yake mmoja, mchomeleaji wa mageti, alikuwa na shauri. "Nikuchomelee meno ya ndani ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma," alisema. "Magurudumu ya nyuma yatazunguka pamoja siku zote. Hukwami tena."

Kanyaga alikubali. Lakini kwanza alipita gereji kuazima jeki kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe. Mama huyo alikuwa fundi wa magari, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi.

"Kuchomelea difu?" shemeji alisema. "Kachomelee magoti yako kwanza, shemeji, tuone utakavyokata kona."

"Nitacheka baadaye. Niambie ubaya wake."

"Kwenye kona, gurudumu la nje hutembea safari ndefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoyaruhusu yapishane. Ukichomelea, huwezi kuyafungua tena. Ukifika kwenye lami, matairi yanalika, gari linagoma kupinda, na ekseli inaweza kukatika. Twende nikaone unapokwama."

Walikwenda bila mzigo. Kwenye korongo pikapu ikakwama, kama kawaida yake. Kanyaga akainua mguu akanyage.

"Shuka," shemeji alimwambia. "Mwachie binti usukani. Nawe mwanangu, gusa mafuta kidogo tu. Wewe shemeji, simama mbali pale, utazame."

Miaka kumi na minne Kanyaga alikuwa amekwama mahali pale akiwa amekaa kwenye kiti. Hakuwahi kuyaona magurudumu yake kutoka nje. Sasa aliona. Gurudumu la kushoto lilining'inia juu ya korongo, likizunguka kama pia. La kulia lilikuwa limekaa kwenye ardhi ngumu, limetulia tuli.

"Kumbe!" alisema. "Lenye pa kusukuma halifanyi kazi, na lisilo na kazi ndilo linalozunguka. Hii difu waliitengenezea ofisini kwa wakubwa."

Shemeji alicheka. "Hiyo ndiyo difu ya kawaida. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni difu ya kubana. Ndani ina sahani ndogo. Gurudumu moja likianza kuteleza, sahani zinabana, na nguvu kiasi inakwenda kwa mwenzake. Inafanya kazi yenyewe, hubonyezi kitu. Inafaa kwenye changarawe, tope jepesi, na lami yenye mvua. Ila inataka oili yake maalumu, na sahani huchakaa."

"Basi nifungie hiyo."

"Haraka ya nini? Gurudumu lako linateleza, au linaning'inia?"

Binti alizima gari. Kanyaga akachutama, akatazama chini ya tairi. Mtu angeweza kupitisha ndoo pale.

"Linaning'inia."

"Basi kubana kiasi hakutakutosha. Wewe unahitaji difu loki, ile ya swichi. Ukiiwasha, magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka kama moja. La hewani lisiposhika, la chini linasukuma. Ukiizima, yanakuwa huru."

"Na mtu anayebeba mizigo kwenye lami tu, mama mdogo?" binti aliuliza.

"Huyo difu loki ya nini? Akitaka kitu, achukue ya kubana. Chagua kwa njia unayopita, si kwa sifa za jirani."

Shemeji alisoma kibandiko cha gari ajue aina ya ekseli, maana difu ya ekseli nyingine haikai. Kanyaga akauza dume lake la ng'ombe kulipia difu loki. Kazi ya kufunga ilichukua siku mbili, na shemeji alimrudishia pikapu pamoja na masharti.

"Washa kabla ya korongo, gari limesimama au linatambaa, usukani umenyooka. Ukivuka, zima. Usiingie nayo kwenye lami. Na usikanyage."

"Jina langu je?"

"Jina kaa nalo. Badilisha mguu."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Kanyaga alisimama mbele ya korongo. Akabonyeza swichi, taa ndogo ikawaka. Akaachia klachi polepole. Pikapu ikainama, gurudumu la kushoto likapanda hewani, na la kulia likasukuma. Tope halikuruka. Madebe hayakugongana. Ng'ambo ya pili alizima swichi, akaendelea.

Kituoni, mama mpokeaji alifungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena, kama mtu asiyeiamini pua yake.

"Mimina," alisema.

Kanyaga aliyamimina yote ishirini kwa mikono yake. Hakumwachia mtu hata debe moja.